Ngaali Amepotea, au Nimempoteza?

Kila mwisho wa muhula hukusanya vitabu vya kiada nilivyowaazima wanafunzi wangu, na kila mara huisikia sentensi ileile: "Mwalimu, kitabu kimepotea." Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari. Ngeli imezingatiwa, wakati umezingatiwa, hata lafudhi ni nzuri. Ila msemaji mwenyewe hamo ndani yake. Mtenda ni kitabu, kana kwamba kiliamka alfajiri, kikavaa viatu, kikashika njia. Nimezoea kumwambia mwanafunzi airudie kwa kauli ya kutendesha: "Nimekipoteza kitabu." Hapo wengi hunyamaza.

Leo ninataka kuwasimulia namna sentensi hiyo ilivyonigeukia mimi.

Desemba moja binamu yangu aishiye Uingereza alikuja nyumbani likizo, akaniletea zawadi ndogo: vibamba viwili vya alumini, kila kimoja na mnyororo wake mfupi, vyote viwili vimepigwa chapa ya herufi na tarakimu zilezile. Alinieleza kwamba ni vifaa vya mchezo uitwao jiokashi, ambao yeye na mumewe huucheza siku za mapumziko. Kimoja cha kufunga kwenye kitu na kukituma duniani, cha pili cha kubaki nacho nyumbani. "Kwa nini kibaki?" nilimwuliza. Akacheka. "Utajua."

Mchezo wenyewe si mgumu. Mtu huficha chombo mahali fulani, akatangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo, na wengine hukitafuta kwa kuongozwa na setilaiti. Ndani ya chombo mna daftari dogo la kutia sahihi, na pengine vitu vidogo vya kubadilishana: ukichukua, nawe uache. Ulianza mara tu ulipowezekana. Kwa miaka mingi serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa cha kawaida kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa tarehe 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliweka ndoo porini katika jimbo la Oregon, akawatangazia wengine tarakimu za mahali ilipo. Ndani yake mlikuwa na vitu vya ovyo ovyo, mojawapo kopo la maharage. Kopo hilo baadaye lilipewa namba yake, likawa linaonyeshwa kwenye mikutano ya wachezaji kama kumbukumbu takatifu. (Sijapata kusikia maharage yaliyoheshimiwa namna hiyo.)

Wachezaji huita chombo kilichofichwa kwa neno lenye asili ya Kifaransa, la maana ya kuficha. Mimi nililiita kasha, nikafurahi, kwa sababu matamshi yanakaribiana mno ingawa maneno hayana undugu: kasha letu husemwa kuwa tulilipata kwa Wareno. Wanafunzi nao wakaliita kikasha, nalo likakaa.

Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni vile vibamba. Kitu kilichofungwa kibamba si cha kubadilishana. Ukikikuta kwenye kikasha waweza kukichukua, lakini hukimiliki. Wapaswa kuiandika namba yake, kukibeba hadi kikasha kingine, ikiwezekana kukisogeza kuelekea anakotaka mwenyewe, kisha kukiacha. Mwenye kitu hukufuata kwa macho tu, akiwa mbali, akisoma kila mahali kilipofikishwa. Hamjuani. Hakuna risiti, hakuna shahidi, hakuna faini. Kiswahili kina neno kamili la kitu cha namna hiyo, nalo ni amana. Neno hilo lina shina moja la Kiarabu na imani, amini na uaminifu. Ukiliandika ubaoni maneno mengine hujipanga yenyewe chini yake. Nilijiambia kwamba nimepata somo la uraia lililokuja likiwa limefungwa kwenye mnyororo.

Binamu alikuwa ameniasa. Kila mchezaji mzoefu, alisema, ana orodha ya wasafiri wake waliotoweka. Mmoja alisahauliwa mfukoni mwa koti la mgeni aliyerudi kwao. Mwingine alichukuliwa na mtoto aliyedhani ni kitu cha kuchezea. Wengine huenda na kikasha kizima mvua ikifurika, na wako watu wazima ambao huvikusanya tu kwa kuvipenda. Mwenyewe hungoja miezi, huandika barua za adabu kwa aliyekishika mwisho, hajibiwi, kisha siku moja hukubali kuandika kwamba mahali kilipo hapajulikani. Ndipo kibamba cha pili kinapotolewa kabatini. "Usimpende sana," alisema.

Tulimpenda sana. Chama cha Kiswahili cha kidato cha pili kina wanachama 23, na kwa wiki mbili hawakuzungumza habari nyingine. Walishona korongo mwenye shungi, ndege wa bendera yetu, kwa lubugo, yaani kile kitambaa cha rangi ya kutu ambacho Waganda hukipata kwa kuligonga gome la mutuba kwa nyundo za mbao. Wakamjaza pamba, wakamtia shungi la nyuzi za manjano, wakamwita Ngaali, kama aitwavyo kwa Kiganda. Tulibishana hata juu ya upatanisho wa kisarufi: je, tuseme Ngaali imekamilika, au Ngaali amekamilika? Nikawaambia kwamba mwanasesere naye husemwa amevunjika, ijapokuwa hana uhai. Wakaridhika. Safari yake tuliipanga kwa kufuata reli ya zamani, ile iliyofika Kampala mwaka 1931: apite Tororo, Nakuru na Nairobi hadi Mombasa, aione pwani ambako lugha wanayojifunza husemwa na mabibi sokoni, kisha arudi kutusimulia.

Vikasha nchini Uganda si vingi, basi niliamua kuweka chetu wenyewe. Nilichagua kilima kimoja upande wa magharibi wa jiji, mahali palipo wazi penye mfenesi mkubwa na ukuta wa mawe uliobomoka nusu. Tulitumia mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kubana. Kwa kuwa mvua za Machi hazina masihara, niliuzungushia utepe mweusi wa mafundi umeme, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ukawa mweusi wote. Uzingatieni utepe huo. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo watu 23 walipanda kilima wakifuata simu moja, yangu, kama vifaranga. Ngaali akalazwa ndani na kibamba shingoni. Kila mwanafunzi akaandika jina lake kwa penseli katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Jioni ile nilijaza fomu ya mchezo. Miongoni mwa masharti ninayotakiwa kuyakubali lipo lisemalo kwamba nimepata idhini ya kuweka kikasha mahali hapo. Nikabonyeza nimekubali. Sikuwa nimemwomba mtu yeyote idhini. Kwangu kilima kilikuwa kilima tu.

Baada ya majuma matatu nilipita pale Jumamosi moja. Jiwe la kufunikia lilikuwa limeviringishwa kando, na shimo lilikuwa tupu.

Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba nilihisi kuibiwa. Hapa wanafunzi wa lugha wasimame kidogo, kwa maana Kiswahili hutenganisha mambo ambayo hasira huyachanganya. Kitu huibwa, mtu huibiwa. Kitu kimepotea, mtu amepotewa na kitu, na mtu mwingine huenda alikipoteza. Kimechukuliwa si kimeibwa, na kimeokotwa ni jambo jingine tena. Siku ile maneno yote hayo nilikuwa nayo, ni kazi yangu kuwa nayo, na nilichagua moja tu.

Nilimfikiria mwanafunzi mmoja. Sitamtaja. Aliishi kwenye kilima kilekile, akipita kando ya mfenesi asubuhi na jioni. Jirani na kwao palikuwa na mtu anunuaye vyuma chakavu kwa kilo, mwenye mizani iliyoning'inizwa mlangoni. Na wiki moja kabla, kijana huyo alikuwa ameniuliza kibamba kile kinagharimu kiasi gani. Nilipoyapanga mambo hayo matatu yalionekana kama hoja. Sasa nikiyatazama naona ni mtoto anayeishi mahali, mwenye jirani, aliyeuliza swali.

Jumatatu, mbele ya darasa zima, nilimwita kwa jina na kumwuliza: "Umempeleka wapi Ngaali?"

Sikuuliza kama alimwona, wala kama anajua lolote. Kitenzi nilichokichagua kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu kabla yeye hajasimama. Alisimama. Alisema, "Mwalimu, mimi sijui." Kutoka nyuma ya darasa mtu akasema taratibu, kwa Kiganda, "Mubbi." Mwizi. Baadhi wakacheka.

Msomaji aliye mbali na Kampala huenda asilisikie neno hilo kama sisi tulisikiavyo. Likipigwa kelele karibu na egesho la matatu au sokoni, watu hutoka madukani na mawe mikononi, na hakuna anayengoja ushahidi. Kila mtoto wa mjini hapa anaijua sauti yake. Lugha yangu nayo ina historia hapo: wazee wengi wa Uganda hawakupenda watoto wao wasome Kiswahili kwa sababu walikijua kwa amri za askari na kwa vitisho vya majambazi wa usiku. Nimetumia miaka yangu ya ualimu kuwashawishi wazazi kwamba Kiswahili si lugha ya kumwogopesha mtu. Nilikuwa nimemwuliza kijana yule kwa Kiswahili safi kabisa.

Siku tatu hakuja shule.

Aliyenitoa gizani ni mlinzi wa lango letu, mzee mmoja kutoka Arua, ambaye humsalimia kila mtu kwa Kiswahili hata akijibiwa kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesimama naye mvua ikipungua, nikimlalamikia juu ya wanafunzi wa siku hizi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Lakini Mwalimu, wewe ulificha kitu kwa mlima ya watu. Mwenyekiti alijua?"

Kwa mlima ya watu. Ulimi ulinicheza nimsahihishe: mlima wa watu, Mzee, ngeli ya m-mi. Sikuweza, kwa maana alikuwa amesema sawa zaidi ya nilivyopata kusema mimi katika jambo hilo zima. Katika Buganda huwezi kukuta kipande cha ardhi kisicho na wenyewe. Kama si cha mtu binafsi, ni cha kanisa, au cha Kabaka, au cha serikali, na juu ya hayo yote yupo Mwenyekiti wa LC1, anayemjua kila mpangaji na kila mbuzi. Ninafundisha mambo hayo. Nina mchoro wake ubaoni, wenye mishale.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti jioni ileile. Ofisi yake ni baraza la duka lake, penye meza, benchi na mhuri uliofungwa kwa kamba ili naye usipotee. Tulisalimiana kwa Kiganda kwa kirefu, tukaulizana habari za nyumbani na za kazi. Nilipotaja mkebe mweusi aliacha kuandika.

"Ssebo, kumbe ni wewe!"

Alinisimulia bila kupaza sauti. Kina mama wanne walikuwa wameajiriwa kufyeka nyasi kilimani kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Mmoja aligonga jiwe kwa fyekeo, jiwe likasogea, wakaona kitu cheusi kilichofungwa utepe kotekote, na kilipotikiswa kikalia kama chuma. Walikimbia. Wawili waliacha kandambili zao. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi saba, akaanguka kwenye mteremko, ikabidi abebwe kwa bodaboda hadi kituo cha afya. Alikutwa salama, alisema Mwenyekiti, ila hakulala usiku ule. Polisi waliitwa. Njia ya kilimani ilifungwa kwa saa tatu, watoto wakarudishwa kwao kwa kuzunguka. Hatimaye mkebe ulifunguliwa, wakaona ndege wa lubugo.

"Walicheka?" niliuliza.

"Baadaye," akasema.

Sikuhitaji kuelezwa kwa nini walikimbia. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 jijini humu waliokuwa wamekusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 16 Novemba 2021 yalilipuka mengine katikati ya jiji, karibu na kituo kikuu cha polisi na katika barabara ya Bunge. Tangu hapo, kanisani, msikitini, kwenye basi, tunaambiwa jambo moja: ukiona kitu kisicho na mwenyewe, usikiguse, toa taarifa. Mimi mwenyewe nimeliandikisha darasani kama imla. Wale kina mama walikuwa wamefanya kila kitu nilichowafundisha wengine, na mimi nilikuwa nimezunguka na hasira nikitafuta mwizi wao.

Mwenyekiti alinirudishia mkebe na daftari. Ngaali hakuwamo. Mama mmoja wa wale wanne alikuwa ameomba kumchukua kwa ajili ya mwanawe, naye Mwenyekiti akamruhusu, kwani si kitambaa tu? Kibamba kilikuwa shingoni bado. Niliuliza mama huyo anakaa wapi. Ni kibarua wa kutwa, alisema, hutoka upande wa pili wa jiji, huja palipo na kazi. Nikawa nataka kuuliza zaidi, simu yake, jina la mtoto. Nikaacha. Ningemwendea mtoto na kumwambia nini? Kwamba ndege wake ana namba?

Niliomba radhi pale barazani, na Mwenyekiti akaipokea kwa ukali unaostahili. Aliniandikisha barua ya maelezo kurasa mbili, kwa mkono wangu, akaipiga mhuri. Kisha akasema kwamba tukitaka kuweka mkebe mwingine, uwe wa plastiki angavu, bila utepe, uandikwe nje kwa Kiganda na Kiswahili ni wa nani, na ukae kwenye baraza lake. Nilimwambia kwamba katika mchezo huu kitu hufichwa. Akanitazama kama mtu anayengoja nijisikie mwenyewe.

Kijana alirudi Ijumaa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kiswahili kina namna nyingi za kuomba msamaha, na nilikuwa nimewahi kuzifundisha kwa daraja: samahani kwa aliyekanyagwa mguu, niwie radhi kwa mkubwa, nisamehe kwa aliyeumizwa. Nilisimama mbele ya darasa lilelile. Nilisema nilimtuhumu kijana huyu kwa jambo ambalo hakulifanya. Nilisema mkebe ulichukuliwa kwa sababu mimi niliuweka bila idhini na kuufunga vibaya. Nilisema nimempoteza Ngaali. Kisha nikamtazama, nikasema, "Nisamehe."

"Imepita, Mwalimu," alijibu, kwa adabu, akitazama dawati.

Nadhani nilitarajia zaidi. Nilitoa mkebe na daftari ili darasa lione. Lilizunguka kutoka dawati hadi dawati, kila mmoja akilitafuta jina lake katika ukurasa wa kwanza, wakicheka miandiko yao. Lilipomfikia yeye aliazima kifutio kwa jirani yake. Alilifuta jina lake pole pole, akipuliza vumbi la mpira, akageuza karatasi kuitazama kwenye mwanga wa dirisha, akafuta tena. Kisha akalipitisha daftari kwa aliyefuata.

Katika chama bado hajarudi. Sijamwita, ila nimemwambia mara moja kwamba nafasi yake ipo.

Kwenye ukurasa wa mchezo niliandika kwamba mahali Ngaali alipo hapajulikani. Binamu aliona, akanitumia ujumbe wa kunifariji: kitoe kibamba cha pili, ndiyo kazi yake. Wanachama 22 nao wanataka hivyo; wamekwisha kununua lubugo. Nimewaambia wangoje hadi muhula ujao. Kibamba kimo kwenye droo yangu, chini ya vitabu vya kiada ambavyo mwaka huu, nilipovikusanya, vilipungua viwili.